Kona ya Kibombo

Wageni kutoka mji wa Kama walipofika Kindu kuposa, hapakuwa na mahali pa kuweka sahani.

Meza ilikuwapo. Ilisimama katikati ya sebule, meza nzito ya mbao nyekundu ambayo Tharcisse Ngandu aliichonga mwenyewe alipokuwa fundi katika karakana ya reli. Lakini juu yake palikuwa na ubao wa mchezo uliofunikwa kwa kitambaa cheupe, na kwa miaka ishirini na zaidi hakuna aliyeruhusiwa kuusogeza. Watu wa nyumba hiyo walikula chini, mkekani, nao walizoea. Wageni hawakuzoea. Mzee Kikuni, baba mdogo wa mchumba, alikalishwa kwenye kiti kizuri kuliko vyote, akapewa wali na kuku aupakate mapajani kama mtoto wa shule.

Mchuzi ulimwagikia suruali yake. Mama Beya, mke wa Tharcisse, aliuona. Jina lake hasa ni Ndaya, lakini mtaa mzima wa Kasuku ulimwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Aliuona mchuzi, uso ukamwaka. Kisha akaona jambo jingine: mzee yule aliivua kofia yake polepole, akaiweka juu ya doa ili mwenye nyumba asijue. Hilo Ndaya alilitia moyoni.

"Muzee Ngandu," Kikuni alisema baada ya kunawa, "chakula tumekula, tunashukuru. Sasa tuongee. Koti ya baba tumeleta. Blanketi ya nyanya tumeleta. Inabaki mbuzi ya mama."

Nje, kwenye kivuli cha ukuta, mbuzi alilia kana kwamba ameitwa. Vijana walicheka, na hata Exaucée, mjukuu wa nyumba hiyo aliyekuwa akiposwa, alitabasamu kule mlangoni kwa jikoni.

"Mbuzi ya mama haipitie mukono ya mwanaume," Kikuni aliendelea. "Kwetu njo vile, na kwenu nazani njo vilevile. Mama ya binti anashika kamba yeye mwenyewe. Basi tunauliza: mama ya Exaucée iko wapi, tumusalimie?"

Florentin, mchumba, alitazama viatu vyake, maana yeye alijua. Ndaya alimtazama mumewe. Tangu ugonjwa wa mwaka jana mkono wa kulia wa Tharcisse ulikuwa umelala mapajani kama kitu alichowekewa na mtu mwingine. Macho yake yalikuwa mezani.

"Iko njiani," alisema.

"Njiani ya wapi, muzee?"

"Alienda shamba."

"Shamba?" Kijana mmoja wa msafara, Franck, alishindwa kujizuia. "Tangu asubuhi ama tangu jana? Mbuzi yetu itazeeka hapa."

Florentin alimkanyaga mguu, lakini neno lilikwisha kutoka. Mzee Kikuni alimtazama Franck mpaka akainamisha kichwa. Halafu akamgeukia mwenye nyumba, na sauti yake haikuwa na ukali hata kidogo.

"Ndugu yangu, mimi sikutunga hii mambo, niliikuta. Kama mama iko hai, tutamungoja ashike kamba. Kama alikufa, nyanya ya binti atashika, kilio chake, ile matanga, ikiwa imekwisha. Lakini kumushikia muntu wa hai mbuzi yake, ni kumuita maiti. Na kuowa ndani ya nyumba yenye kilio haijaliliwa, ile siye hatuwezi. Ni kuingiza bibi harusi kwenye jeneza."

"Hapa hakuna kilio," Tharcisse alisema.

"Basi mbuzi tutarudi nayo." Kikuni alinyanyuka, kofia ingali imeshikwa mbele ya suruali. "Tuko tunalala kwa ndugu yetu kule Alunguli, ng'ambo ya mto. Siku ya Mungu, kiisha misa, tutapitia hapa. Kukiwa neno lingine, tutalisikia. Kama hakuna, tutachukua mapikipiki. Wazee wa Kama walitutuma mara moja. Mara ya pili hawatatutuma."

*

Exaucée aliosha sahani bila kuongea, akizisugua kwa majivu hata zile zisizokuwa na mafuta. Ndaya alikuja akakaa kwenye kigoda karibu naye, akachukua kitambaa kuzifuta.

"Florentin ni mutoto muzuri," alisema.

"Muzuri wa nini sasa, kaku?" Ndivyo alivyomwita bibi yake, na babu yake pia, kwa lugha ya Kasai. "Atarudi Kama, watamutafutia mwingine mwenye mama. Mama wako wengi tu."

"Nitasema na kaku yako mwanaume."

"Umesema naye miaka ngapi?"

Ndaya alifuta sahani ileile mara mbili.

"Mimi simujui sura yake," Exaucée alisema. "Aliniacha nikinyonya. Kila muntu ananiambia nafanana naye, na mimi sina wa kumutazama nijue kama ni kweli. Namulilia mama sijamuona, na kulia kwenyewe nakatazwa. Kile kitu kiko pale mezani kinakula nafasi yangu, kaku."

Kuta za nyumba ile zilikuwa nene, lakini mlango ulikuwa wazi. Sauti ya Tharcisse ilitoka sebuleni, nzito upande mmoja tangu alipougua.

"Akirudi akute tumemaliza bila yeye?"

Exaucée alinyanyuka na sinia mikononi. "Akirudi, kaku, atanikuta na mvi, nikingali naosha sahani zenu."

Jua lilikuwa bado kali, na bomba la mtaani lilikuwa likiita ndoo. Exaucée alichukua yake akatoka.

*

Mwaka ule wa vita, Exaucée akiwa mchanga, mji ulipozungukwa, hakuna aliyetoka Kindu wala aliyeingia. Ndani walikuwa askari, nje msituni walikuwa watu wengine wenye bunduki, na mtu akienda shambani, upande huu ulimwita mpelelezi wa upande ule. Treni ilikuwa imeacha kuja zamani. Majani yaliota katikati ya reli, na Tharcisse alikwenda kuyang'oa kwa mikono kila asubuhi, bila mshahara, mpaka alipofukuzwa na askari.

Nyumba yao ilikuwa ya matofali, ya shirika la reli, kwa hiyo majirani walihamia humo risasi zilipoanza kupenya kuta za udongo. Ndivyo Masudi, fundi cherehani, alivyokuja na mkewe Safi na cherehani yao kichwani. Safi alikuwa na chumvi ndani ya chupa ya dawa. Angeweza kuificha, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini kila chakula kilipoiva alichovya ncha ya kijiko na kuigusisha sahani ya kila mtu, mmoja mmoja, akisema, "Bismillahi, hii njo sukari ya wakubwa."

Mchezo uliachwa na padiri mmoja wa shule siku alipoondoka kwa haraka. Juu ya sanduku palichorwa watu wa zamani sana, wa huko Roma, wamesimama ndani ya vigari vya magurudumu mawili, kila kigari kikivutwa na farasi wanne waliotoa macho. Ndani yake mlikuwa na ubao wenye uwanja wa mviringo, vigari vinne vya rangi nne, na dadu tatu. Unatupa dadu, gari linakimbia. Lakini kila kona ina namba yake, na ukiingia kwa mbio kuliko namba ile, gari linapinduka.

"Farasi ni kitu gani hasa?" Beya, binti yao, aliuliza siku ya kwanza. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwona farasi.

"Ni locomotive yenye roho," baba yake alimjibu.

Na kwa kuwa alikuwa mtu wa reli, akazipa kona majina ya stesheni. Ya kwanza Samba, ya pili Kongolo, kule mbali Kabalo, na ya mwisho kabla ya kurudi nyumbani Kibombo. Walicheza mchana, madirisha yamefungwa, wakisikiliza milio ya nje kwa sikio moja. Tharcisse alikuwa na gari la kijani, Masudi la buluu, Safi la manjano, Beya jekundu. Ndaya alimshika mtoto mchanga wa Beya, huyo Exaucée, akawa mwamuzi.

Karatasi ya padiri ilisema gari likipinduka linatolewa. Siku ya kwanza gari la Safi lilipinduka palepale Samba, naye akakaa pembeni, mikono mapajani, akitazama wenzake kama mtoto asiyelipiwa ada. Beya akasimamisha mchezo.

"Nje kule watu wanatolewa kila siku," alisema. "Humu ndani hakuna wa kutolewa."

Akatunga sheria yake. Gari likipinduka, linalala palepale. Mwenyewe anatupa dadu moja, ile nyeusi peke yake, kila zamu yake ikifika, na akipata sita, linasimama. Na hakuna wa kuvuka mstari wa mwisho mpaka wote wawe wamepita kona ya Kibombo. Aliyetangulia angoje.

"Huu si mchezo tena," Masudi alilalamika, maana alikuwa anaongoza. "Hii ni familia."

Mchezo mmoja uliweza kula siku nzima, na huo ndio ulikuwa uzuri wake. Mtu anayengoja sita hakumbuki sana tumbo.

Asubuhi ile ambayo Beya alitoka, hapakuwa na kitu cha kupika. Wanawake wa mtaa waliambiana kuna utulivu kule mwisho wa mtaa wa Mikelenge, wangeweza kukimbia kuchuma sombe, majani ya muhogo, na kurudi. Mchezo ulikuwa katikati. Magari matatu yalikuwa yamefika mstarini yakingoja, na lile jekundu lililala ubavu Kibombo. Beya alitupa dadu akapata tatu. Akacheka, akaichukua ile dadu, akaifunga kwenye pindo la kitenge, pale wanawake wanapofunga pesa.

"Nawajua, nyiye wezi," alisema. "Bila hii hamutafika. Mungoje, nakuja kusimamisha gari yangu."

Akamwachia mama yake mtoto, akachukua kikapu.

Wanawake walirudi wakikimbia, vikapu vimeachwa, na si wote; Beya hakuwamo. Mmoja alisema waliochukuliwa walichukuliwa na hawa, mwingine akasema na wale. Tharcisse alikwenda kuuliza pande zote mbili, na kila upande ulimpiga. Hakuna mwili ulioonekana. Alipoweza kusimama tena, alimwomba Ndaya kitambaa cheupe, akaufunika ubao ulivyokuwa, na neno "kilio" halikusemwa tena katika nyumba ile. Vita vilipoisha na treni ikarudi, alikuwa anakwenda stesheni kutazama watu wakishuka, behewa kwa behewa, mpaka miguu ilipokataa.

*

Jumamosi asubuhi Ndaya alivuka uchochoro kwenda kwa Masudi. Fundi alikuwa amekaa mlangoni nyuma ya cherehani yake, akitia uzi kwenye sindano kwa kupapasa. Safi alikwisha kufariki. Kilio chake Ndaya alikilia vizuri, siku zote, akilala mkekani na ndugu zake.

"Ba Masudi, macho iko namna gani?"

"Naona kama kuku magaribi. Njo Mama Beya? Nimekujua na miguu. Siku hizi unatembea kama muntu amebeba ndoo."

"Nimebeba."

Masudi aliiacha sindano. Habari za wageni alikwisha kuzisikia. Uchochoro ule haukuwa na siri. Akamsogezea kiti, akamwita mjukuu alete chai, akangoja mpaka Ndaya alipokunywa nusu ya kikombe. Ndivyo alivyokuwa Masudi siku zote: hakumharakisha mtu mwenye mzigo.

"Nataka uje kumaliza mchezo," Ndaya alisema.

"Ngandu amekubali?"

"Sijamuuliza."

"Loo." Alikuna kidevu. "Na dadu? Ile nyeusi alienda nayo."

"Nitaichonga kwa muhogo."

Masudi alicheka mpaka akakohoa. "Mama Beya! Muntu akisikia, atasema siye wazee tumekula majani mabaya." Kisha kicheko kikamwisha usoni. "Unajua mimi njo nilikuwa mbele? Gari yangu, ya buluu. Miaka yote hii nimesimama kwenye mstari. Safi alikuwa ananiambia usiku, Masudi, miguu haikuumi? Namwambia, inaniuma, bibi, lakini mutoto Beya alisema tungoje. Safi amekufa akingoja."

"Zamu ya Safi nitashika mimi."

"Basi nitakuja kiisha alasiri. Lakini Ngandu akinifukuza, unipatie chai kwanza."

*

Ndaya alichagua muhogo mzito, akaumenya, akakata kipande cha mraba, akakiweka juu ya bati jikoni kikauke pembeni mwa moto. Halafu alipasha waya akatoboa alama: moja, mbili, mpaka sita, na kila tundu likatoa moshi mdogo wenye harufu ya chakula. Haikuwa sawasawa pande zote. Alikuwa hajawahi kuchonga kitu maishani mwake. Mwenye mikono hiyo alikuwa mumewe.

Tharcisse alimtazama kutoka kitini. "Unapika nini, kidogo vile?"

"Napika kazi."

Akafuta mikono kwa kanga, akaenda mezani, akakunja kitambaa cheupe.

Vumbi lilikuwa limepenya hata hivyo. Mende walikuwa wametafuna mkia wa farasi mmoja wa manjano. Magari matatu yalipangana mstarini, na kule Kibombo lile jekundu lililala ubavu, gurudumu juu, kama lilivyoachwa.

"Usiguse," Tharcisse alisema.

Ndaya aliweka dadu ya muhogo karibu na zile mbili za zamani. 

"Baba Beya, nimechoka," alisema. "Nimechoka kuinama. Nakula chini kama mugonjwa na meza yangu iko. Nimechoka watu kuniita Mama Beya kisha wanashusha sauti. Weye unamungoja, na mimi? Njo mimi nilimuzaa. Ulinikataza kumulilia, nikakutii, kwa sababu walikupiga sana na sikutaka kukuongezea. Lakini yule mutoto wa jikoni hakumukosea muntu."

"Ukimulilia, umemuua."

"Sikumuua mimi. Na weye pia haukumuua."

Mdomo wa Tharcisse ulisogea upande ule uliokuwa na nguvu. Kabla hajapata neno, mtu alibisha hodi. Masudi aliingia kwa kanzu safi, akipapasa ukuta, akasalimia, akavuta kiti mpaka upande wake wa zamani wa meza, karibu na dirisha. Akakaa kama mtu aliyekwenda kujinyoosha tu akarudi.

"Ngandu," alisema, "mbu walikuwa pale dirishani vita ikiwako, na wangali pale."

Exaucée alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni, kisu cha mboga mkononi. Watu watatu wazee walikaa kuzunguka ubao, na ikasikika cherehani ya mjukuu wa Masudi kule ng'ambo ya uchochoro, ikianza na kusimama.

"Ni zamu ya nani?" Tharcisse aliuliza mwishoni.

Alijua. Wote walijua.

"Ya Beya," Masudi alisema. "Umutupie."

Tharcisse aliichukua dadu ya muhogo kwa mkono wa kushoto. Aliipima kiganjani, akaisogeza puani, kisha akaitupa. Ikabingirika kwa uzito, bila mlio, kama kitu laini. Mbili.

"Kijani inangoja," alisema kwa ajili ya gari lake mwenyewe.

"Buluu inangoja," Masudi alisema.

"Safi anangoja," Ndaya alisema.

Akatupa tena kwa ajili ya Beya. Nne. Wakasema tena maneno yale. Akatupa, moja. Wakasema. Chai ililetwa, ikapoa. Exaucée alisogea hatua kwa hatua bila kujua kwamba anasogea, mpaka akafika nyuma ya kiti cha babu yake.

"Mama Beya," Masudi aliuliza, "huu muhogo wako iko na sita kweli?"

Ndaya aliigeuza dadu, akamshika kidole na kumgusisha yale matundu sita. Masudi aliyahesabu kwa ncha ya kidole.

"Iko," alikiri. "Lakini ina haya kama bibi harusi."

Mdomo wa Tharcisse uliinuka kidogo, na Ndaya akaona, akaona pia kwamba Masudi alikuwa amesema vile kusudi.

"Kamata," Tharcisse alimwambia mjukuu wake. "Mutupie mama yako."

"Mimi, kaku?"

"Weye."

Exaucée aliweka kisu. Alifumba dadu kwa mikono miwili, akaifungua juu ya meza badala ya kuitupa, kama mtu anayemwachia ndege. Ikageuka, ikasita, ikalala. Tano.

Tano ilimuuma Tharcisse kuliko moja. Aliichukua tena dadu akatupa, akatupa, na pembe za muhogo zikaanza kumomonyoka, unga mweupe ukabaki juu ya uwanja wa Warumi. Tatu. Mbili. Kila mara wale wengine walisema neno lao, na kila mara Masudi alilisema kwa sauti ya chini zaidi. Mkono wake ulikuwa umeshika ukingo wa meza. Jasho lilikuwa limelowesha kofia yake ya kufumwa. Hakuomba kupumzika.

Tharcisse alimtazama rafiki yake, labda kwa mara ya kwanza tangu wageni walipoondoka, labda tangu zamani kuliko hapo.

"Masudi, umechoka."

"Nimechoka, ndugu yangu."

"Na uko unangoja tu."

"Njo sheria."

"Sheria ni yake yeye."

"Njo maana nangoja."

Tharcisse alikuwa na dadu kiganjani. Hakuitupa. Aliishusha ubaoni karibu na gari jekundu, kwa uangalifu, kama mtu anayemwekea mgonjwa kikombe mahali anapoweza kukifikia.

"Usingoje tena," alisema. "Pita."

Masudi hakusogea.

"Pita, nimekuambia. Mutoto wangu amebaki Kibombo." Sauti ilimkatika, akaiokota tena. "Hatasimama. Mulingoja vya kutosha, weye na Safi wako. Pita, Masudi."

Masudi alipapasa mpaka akalipata gari la buluu. Akalisukuma kwa kidole kimoja, likavuka mstari. Kisha akaivua kofia yake na kujifunika nayo uso. Ndaya alilisukuma gari la Safi. Tharcisse akalisukuma lake, la kijani, kwa mkono wa kulia, ule uliokufa, akiubeba kwa wa kushoto.

Hapo ndipo Ndaya alipotoa sauti aliyokuwa ameimeza tangu siku ile ya vikapu. Alimwita Beya kwa jina lote, na jina la nyumbani, na la utani. Uchochoro mzima ulisikia. Cherehani ikanyamaza. Hakuna aliyeuliza nani amekufa. Wanawake walikuja moja kwa moja, mikeka kwapani, mmoja na kuni kichwani, wakaingia wakakaa chini na kulia pamoja naye, kana kwamba walikuwa wameiweka tayari mikeka ile nyuma ya milango yao miaka yote. Exaucée aliliweka shavu lake kwenye goti la babu yake, akamlilia mama asiyemjua sura, na hakuna mtu aliyemkataza.

*

Siku ya Mungu, baada ya misa, mzee Kikuni aliukuta ua umejaa watu na moto umewashwa. Alisimama langoni akasikiliza. Halafu akamwagiza Franck ashushe mkungu wa ndizi waliokuwa wamewanunulia watu wa Kama, akauingiza mwenyewe kwa mikono miwili.

"Tumesikia," alimwambia Tharcisse. "Pole, ndugu yangu. Tutangoja kilio kimalizike. Mbuzi atabaki Alunguli anakula majani. Kungoja kitu yenye mwisho si kazi."

Franck alikuja akapiga goti mbele ya Tharcisse, kisha akaenda kupasua kuni mpaka jioni.

Ubao ulikuwa umerudishwa sandukuni, na magari yote manne. Pale ulipokaa, mbao ya meza ilibaki na mraba wa rangi mbichi, nyekundu kama siku ilipochongwa, huku pembeni kote pamefifia. Exaucée aliufuta kwa kitambaa cheupe, kisha akapanga sahani. Mzee Kikuni alikaribishwa mezani, na Florentin, na Masudi aliyeongozwa mpaka upande wake wa dirishani.

Tharcisse alipewa sahani yake ya wali na sombe. Kwa mazoea akaishusha mapajani, akainamisha kichwa ale.

Ndaya aliichukua polepole, akairudisha mezani.

"Chakula ni cha kulia hapa," akamwambia.